Dawa Isiyojua Kuoza

Siku ya posho, Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, 1968. Mvua ndogo toka asubui, ile ya kukaa juu ya majani bila kutaka kuanguka. Mulima ya ngambo haionekane. Roho yangu iko muzito kama gari yenye kubeba mapipa ya mawese na mupira moja imetoboka.

Gari yangu imeshuka bila mimi.

Ninaiandika tena kusudi nione kama iko kweli. Gari yangu imeshuka bila mimi. Mimi shofere ambaye toka Sake mpaka Hombo hakuna mwenzangu, mimi niliyefika Stanleyville na Bukavu na Usumbura, mimi niliyecheza rumba na mwanamuke wa viatu virefu mpaka kisigino ikavunjika (yake, si yangu), mimi mwenye kupita bariere ya Mubambiro nikiwachekesha waaskari mpaka wanasahau kuniomba sigara, leo nimesimama pembeni ya barabara kama muhogo, nikiangalia mugongo wa gari yangu mwenyewe. Ikapita kona ya kwanza. Ikapita ya pili. Halafu ukungu.

Ndani yake amelala Yaya.

Yaya ni dada yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi ni wa mwisho. Katikati yetu wengine wote walikwisha kuzikwa. Yeye njo alinibeba mugongoni wakati mama alikuwa anapanda maharagi, na anasema nilianza kusema uongo kabla ya kuota meno. Mume wake alikufa zamani. Binti yake moja tu ameolewa mbali, ngambo ya Hombo, ndani ya pori ya Walikale, na habari ikitoka hapa kufika kule, imekwisha kuzeeka. Kwa hiyo Yaya iko na mimi tu. Na mimi leo nimebaki hapa.

Niandike vizuri, polepole, sababu kichwa yangu inataka kuruka mbele.

Kijito chetu, hapa chini ya Kibabi, kinaitwa Kaberi. Kinatoka juu kwenye mianzi, kinapita karibu na nyumba za watu, halafu kinashuka kutafuta mito mikubwa ya Walikale. Samaki yake ni ndogo kama kidole. Lakini bamama wanaikausha, wanaitia ndani ya sombe, majani ya muhogo, na ukila unasahau hata siasa.

Toka zamani watu wa hapa wanalewesha samaki na jani. Wanaliponda, wanalitia ndani ya kitunga, wanatikisa kitunga ndani ya maji, na samaki zinapanda juu zimelewa kama waaskari wa mwisho wa mwezi. Watu wanaziokota kwa mikono. Lakini ile maji huwezi kuinywa mpaka sumu ya jani ife. Kwa hiyo lazima kuwe muntu wa kufunga maji. Kazi hiyo iko ya mwanamuke, na kwetu iko ya nyumba ya mama yangu. Mama alipokufa, ikabaki kwa Yaya.

Kufunga maji ni hivi. Yaya anatandika mukeka yake ndani ya kibanda kidogo pembeni ya Kaberi, na analala pale. Muchana anaweza kutembea, kulima, kwenda kusali. Lakini usiku analala pale. Akiwa analala pale, maji imefungwa: hakuna kuchota, hakuna kuvua, hakuna kunawa. Usiku ule atalala pahali pengine, maji imefunguka. Hakuna ngoma, hakuna kutangaza. Watu wanaona mukeka haiko, wanaleta ndoo zao.

Kufuli ni muntu mwenyewe.

Zamani haikuwa shida. Sumu ya jani inakufa upesi. Yaya alikuwa analala kule usiku kidogo tu, halafu kaa wanarudi kutembea juu ya mawe, na yeye anakunja mukeka yake anarudi nyumbani akiimba nyimbo za misa. Katekista alikuwa anasema hiyo ni mambo ya wapagani. Lakini hata yeye, mukeka ikiwa pale, alikuwa anatuma watu wake kwenye chemchemi ya juu.

Sasa Ruben.

Ruben ni shemeji ya Yaya, mudogo wa marehemu mume wake. Wakati wa kiangazi alikuwa anaozesha binti yake, na alitaka samaki ya kutosha watu wote wa mulima. Kwenye plantasyo ya kahawa, ile muzungu aliikimbia wakati wa matata, kulibaki pipa ya unga mweupe wa kuua vidudu vya kahawa. Ruben si muntu mubaya, na ninaandika hii hata leo. Alifikiri vile muntu yeyote wa hapa angefikiri: huu unga ni jani la Wazungu, tena wamekwisha kuliponda, kazi imebaki ndogo. Na alifuata sheria yote. Kabla ya kumwaga alienda kwa Yaya na kuku mukononi, akamuomba afunge maji. Yaya akatandika mukeka. Ruben akamwaga.

Samaki hazikulewa. Zilikufa. Na kaa, na vyura, na yale madudu yenye kutembea juu ya maji kama watu wa Injili. Bata za mwalimu zikawahi kula kabla ya watu, zikaanza kutetemeka shingo, zikaanguka. Bata njo ziliokoa arusi. Samaki yote ikazikwa ndani ya shimo, na wageni wakala maharagi bila maneno.

Yaya akabaki kwenye mukeka, akingoja sumu ife.

Akangoja. Kaa hawakurudi.

Habari ya bata ikafika kwa Agronomu Paluku, ambaye serkali ilimutuma huku kwetu kuangalia mambo ya kahawa na chai. Ni muntu wa Lubero, mwembamba, mwenye kusema polepole kama anakanyaga matope. Aliuliza nani anaweza kumusaidia kupima ile maji. Mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema nilisoma kemia Stanleyville. Ukweli ni kwamba nilisoma mpaka darasa ya ine, kwa Wamisionari, na wakanifukuza juu ya kuiga sauti ya Padri. Kemia ninayoijua ni ya kasiksi, pombe yetu: ndizi inaingia, wimbo unatoka.

Agronomu alinieleza kazi, na nitasema kweli, ilinipendeza. Ndani ya matope ya kijito, alisema, kuna vidudu vidogo sana, macho haiwezi kuviona, na kazi yao ni kula. Vinakula majani yenye kuanguka, vinakula mizoga, vinakula hata sumu ya jani letu. Sumu ikiliwa, imeoza, na kitu chenye kuoza kinarudia kuwa maji na hewa na udongo. Swali iko moja tu: huu unga, vidudu vinaweza kuula ao vinaushindwa?

Toka nizaliwe nilijua kuoza kama tusi. Nyama imeoza, mayai imeoza, serkali imeoza. Sasa nikawa muntu wa kuomba Mungu kitu kioze.

Tulitafuta chupa za kinywa kipana. Tukazitia maji ya Kaberi na matope yake. Moja tukaiacha vile. Moja tukaitia jani. Moja tukaitia unga kidogo, kama chumvi unayookota na kidole. Halafu tukarudilia zote tena, lakini na matope yenye kupikwa, juu ukipika matope, vidudu vyake vinakufa, na utajua kama ni wao wanaofanya kazi ao ni kitu kingine. Kwa hiyo mimi nilipika matope. Ndani ya sufuria, juu ya mafiga ya Yaya, nikikoroga na muiko. Bamama walipita wakasimama. Moja akaniuliza kama nilisahau chumvi. Mwingine akasema sasa anaelewa juu ya nini bibi yangu alirudia kwao. Nikawaambia hivi njo wakubwa wa Bukavu wanakula, na nikawaalika. Yaya alicheka mpaka akashika mbavu.

Sijamusikia kucheka vile tena.

Chupa tuliziweka kwenye baraza yangu, ndani ya kivuli, vinywa wazi sababu vidudu vinataka hewa. Kila baada ya siku chache tunatoa maji kidogo ndani ya kila chupa, tunatia watoto wa mbu, wale wenye kujikunja-kunja kama wameshikwa na muziki. Wakiendelea kucheza, sumu imeoza. Wakilala chini, bado. Mimi niliwaita wacheza-rumba wangu. Niliwateka mwenyewe ndani ya mipira ya zamani ya gari, nikawapa majina ya watu wa hapa, na watu walikuwa wanakuja kuuliza kama wangali wazima.

Chupa ya jani, na matope mabichi, haikuchelewa. Wacheza-rumba wakacheza mpaka nikachoka kuwaangalia. Chupa ya jani na matope yenye kupikwa ilichukua muda murefu. Agronomu akafurahi kama muntu aliyeoa. Aliniambia: umeona, vidudu njo vinakula.

Chupa ya unga, wacheza-rumba wakalala chini.

Tukarudilia. Wakalala chini. Matope mabichi, matope yenye kupikwa, sawa sawa. Mvua ya mwezi wa tisa ikaanza, tukarudilia, wakalala chini.

Hapo njo salamu ya mulima yetu ikageuka. Ukikutana na muntu njiani, hasemi jambo, anasema: Imeoza? Na wewe unajibu kwamba bado: Haiyaoza. Wanacheka, wanapita. Ilikuwa mimi niliyeianzisha, na nilijivunia sana, kama muntu aliyeleta barabara.

Lakini Yaya alikuwa analala kule chini, ndani ya kibanda, mvua ikipita chini ya mukeka.

Miguu yake njo ilianza. Ilivimba jioni, ikarudi asubui. Halafu ikavimba bila kurudi. Halafu pumzi. Akipanda toka kijitoni mpaka nyumbani, alikuwa anasimama kila pahali na kujifanya anaangalia shamba ya watu. Nilimuleta muganga wa dispansari. Akamusikiliza kifua, akabonyeza mguu na kidole, na kidole ikaacha shimo. Akanivuta pembeni akasema moyo umechoka kusukuma damu, hapa hana dawa ya kutosha, nimupeleke hospitali ya Goma upesi, kabla mvua haiyaua barabara.

Nikacheka. Nilifikiri hiyo njo kazi rahisi kuliko yote. Gari ni yangu, barabara ninaijua kama sakafu yangu.

Yaya akakataa. Aliniuliza Goma atalala wapi. Nikasema hospitalini, kwenye kitanda cha chuma, na shuka mweupe. Akasema: basi nikilala Goma, maji imefunguka.

Na iko vile. Hakuna namna ya kuwaambia watu wa hapa kwamba mufunga-maji analala pengine na maji ingali imefungwa. Ni kama kumuambia muntu mulango iko wazi lakini usiingie. Mulima yote imechoka. Bamama wanapanda mpaka chemchemi ya juu na ndoo kwenye kichwa, njia iko mutelezi, moja alianguka na mimba yake. Chini, Kaberi inapita inangaa, unaona kila jiwe. Hakuna kitu chenye kuonekana kizuri kama ile maji. Mukeka ikitoka leo, kesho wanainywa, na wanawaosha watoto wachanga ndani yake.

Ruben alikuja kwangu. Hakukaa. Alizunguka-zunguka na kofia mukononi, akasema pengine chupa na kijito si kitu kimoja, chupa haitembee, kijito kinatembea, pengine unga umekwisha kufika Walikale, umekwisha kuwa shida ya wengine. Nilijua anataka nini. Anataka siku moja aamuke bila ile maji kumuangalia. Nikamuambia kile agronomu aliniambia, kwamba unga umeshikana na matope ya chini, na matope inaurudisha kidogo kidogo. Akasema ndiyo. Akavaa kofia. Akaenda.

Lakini neno lake lilibaki ndani ya nyumba.

Nitaandika na hii. Siku ya tatu ya hii juma nilisimama mbele ya chupa peke yangu. Agronomu alikuwa Masisi, atarudi kesho yake. Nikafikiri: nani anajua kazi hii hapa mulimani isipokuwa mimi? Nikitoka kwenye baraza nikasema imeoza, watapiga vigelegele. Yaya atakunja mukeka. Jioni yuko Goma. Nimesema uongo juu ya wanawake, juu ya simba, juu ya mwendo wa gari, na watu walinipenda sababu ya ile uongo. Moja zaidi, na hii ya kuokoa dada yangu.

Nikatia wacheza-rumba wapya ndani ya maji ya unga. Nikaangalia. Walicheza kidogo, kama muntu anayesikia muziki ya mbali. Halafu moja moja wakanyooka.

Nikaona sitaweza.

Siku ya ine Agronomu akafika, viatu vyake vimejaa matope. Aliangalia chupa bila kukaa. Akasema: "Huu unga haujui kuoza. Vidudu vya hapa havijaujua bado, na sijui kama vitaujua."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema miaka, hapana miezi. Aliangalia chupa wakati anasema, hakuniangalia mimi. Akasema ataandika Bukavu wakuje kuondoa ile pipa, na akaniambia nilifanya kazi vizuri. Toka nitoke shuleni hakuna muntu aliyeniambia vile, na sikujua niiweke wapi.

Nikashuka kwa Yaya. Alikuwa amekaa mulangoni pa kibanda, mugongo kwenye muti, sababu akilala chini pumzi inamukimbia.

"Imeoza?" akaniuliza.

"Haiyaoza, Yaya."

"Agronomu anasema lini?"

"Anasema miaka."

Akaangalia maji. Halafu akasema, na ile sauti yake ya kunitania toka utoto: "Basi mimi njo nitatangulia kuoza."

Mimi ni muntu wa kurudisha neno. Waaskari, wachuuzi, mapadri, sijashindwa hata mara moja. Ile siku nilikaa chini kando yake, tukaangalia Kaberi inapita, safi, bila hata mududu moja juu yake.

Nikasema: "Niachie mukeka."

Akafikiri ninatania. "Weye? Weye hata kitanda ya bibi yako ilikushinda kulala."

"Nitalala."

"Ni kazi ya wanawake, mutoto wa mama."

"Nitaifanya vibaya. Lakini nitalala."

Pumzi yake ilikuwa na sauti kama maji ndani ya chupa. Halafu akauliza kile mimi nilikuwa ninakikimbia toka nianze kusema.

"Ukilala hapa, nani atanipeleka?"

Kwenda Goma na kurudi siku moja, kwa hii mvua, haiwezekane. Hata mimi siwezi, na mimi njo nimejisifu kila siku kwamba ninaweza. Nikamuambia nitamuomba Deo. Deo ni shofere mwenzangu wa Sake. Anaendesha kama muntu anayegombana na gari, lakini hajaua muntu. Yaya akatikisa kichwa. Halafu akasema kitu kidogo, hakuniangalia: alifikiri siku akienda hospitalini, mimi njo nitakuwa mbele kwenye usukani, naye atasikia nikiimba.

Sikulala ile siku, na sitaandika zaidi.

Leo asubui tukaita watu. Agronomu alikuwa pale, na Ruben, na bamama wengi, ndoo kwenye kichwa kama kawaida. Kuna namna ya kupokezana mukeka, na Yaya peke yake aliijua: pahali hapatakiwi kubaki wazi hata kidogo. Nilitandika mukeka yangu juu ya ile yake, nikalala juu yake mbele ya watu wote, muntu muzima, viatu miguuni, halafu wakaivuta ile ya Yaya toka chini yangu, vile wanavyobadilisha shuka chini ya mugonjwa. Watu wakacheka. Vijana wakasema shofere amekuwa bibi ya mto. Mama mumoja muzee akaniuliza kama niletewe kikwembe, kitambaa cha kujifunga kama bamama. Nikajibu alete yenye maua nyekundu, niko na shingo nzuri.

Yaya hakucheka. Alishika mukeka yake imekunjwa, akaipapasa kama kuku.

Wakamubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani. Ruben alishika muti wa mbele, akakataa kupokewa. Wengine walibadilishana, yeye hapana. Alipofika juu bega lake lilikuwa na damu, na alilifunika na koti haraka, kama muntu mwenye kuficha kitu aliyoiba.

Nilitandika godoro yangu ndani ya gari. Halafu nikamufundisha Deo gari. Nilimueleza kona ya mawe, na daraja ya miti, na breki yenye kutaka kuombwa mara mbili, na pale kabla ya Sake pahali matope inajifanya kavu. Deo anajua ile barabara kama mimi. Aliniacha niseme. Nilisema muda murefu sana juu sikutaka kugeuka nyuma kumuangalia Yaya.

Mama Furaha, jirani yetu, akapanda kando yake na sufuria na unga wa muhogo, kwa kumupikia kule. Bei ya moyo ya ule mama siwezi kuisema hapa.

Yaya akaniita. Nikapanda kwenye gurudumu, nikaingiza kichwa. Alinishika sikio, vile alivyonishika nilipokuwa mudogo, lakini mukono haukuwa na nguvu ya kuumiza.

"Watakuja kijitoni," akasema. "Usiwachekeshe. Muntu akicheka anasahau, anainama, anachota."

Nikasema ndiyo.

"Mimi ninakujua," akasema.

Deo akawasha gari.

Sasa iko jioni. Nimekaa kwenye mulango wa kibanda na ninaandika juu ya goti. Saa za alasiri bibi mumoja kijana alishuka na ndoo. Ni yule binti ya Ruben, mwenye arusi ya maharagi. Tumbo yake imeanza kuonekana. Alisimama ngambo ya maji, akaangalia mukeka, akaniangalia mimi. Nilikuwa na neno nzuri kabisa juu ya ulimi, neno ya kumuangusha chini kwa kicheko. Nikaifunga kinywani. Nikamuangalia na macho ya ukali mpaka akageuka, akapanda njia ya chemchemi, polepole, mukono kwenye kiuno.

Sijawahi kumuacha muntu aende vile.

Nimejua watu wa hapa kwa kuwachekesha. Sina kitu kingine nilichowapa. Sasa ni lazima wajifunze kuniogopa, na mimi ni lazima nijifunze kuwaacha waniogope, na Agronomu anasema miaka. Hata kama kesho vidudu vya Kaberi vinaamka na njaa mupya, kwanza vitajifunza kula, halafu kaa watarudi, halafu mimi nitasimama.

Na Yaya? Kama anapona, atarudi kunikuta hapa, na atacheka. Kama haponi, watamuleta juu na gari yangu mwenyewe, Deo akigombana na gia, na mimi nitasikia ile motere toka mbali, nitaitambua kabla ya kila muntu, na sitajua kama inaleta muntu muzima ao maiti mpaka ipite kona ya mwisho. Kama wanamuzika kule kando ya ziwa, sitakuwepo. Nani atawaambia kwamba alikuwa anapenda kulala upande wa kushoto?

Saa hii pengine wamepita Sake. Pengine amelala. Pengine ameomba Deo aimbe, na Deo hajui wimbo hata moja.

Mvua imeongeza. Inapita chini ya mukeka, vile vile ilivyokuwa inapita chini yake, na mimi sikujua iko baridi namna hii.

Nitalala hapa. Kesho nitaamuka hapa.